Barua kwa Mama, kuhusu pesa ya wakili

Doha, Jumamosi

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, joto tu, na hilo tuliache. Ujumbe wa sauti wa Barasa niliupata nikiwa kazini, nikausikiliza hadi mwisho pamoja na matusi yake. Anataka laki nane za wakili amshtaki Baba Mdogo kwa ajili ya mkonge wa mpaka. Sitatuma.

Si kwamba sina. Tena ujue, mwanao sasa ni msimamizi wa zamu! Nina walinzi chini yangu, Wanepali, Wakenya na Waganda wenzetu. Unajua kwa nini nilichaguliwa mimi? Hapa langoni mtu hufika amefura kwa sababu ya maegesho, anakutukana wewe na waliokuzaa. Wengine hujibu. Mimi humwacha amalize, kisha namwuliza shida ilianzia wapi. Mara nyingi hata si maegesho. Bosi akaliona hilo.

Sasa niambie, nani amemwuliza Baba Mdogo kwa nini aling'oa ule mkonge? Nimempigia Nekesa, nimempigia mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, wote wananisimulia alivyosema Barasa. Aliyosema Baba Mdogo hakuna anayeyajua. Yakobo 1:19 inataka kila mtu awe mwepesi wa kusikia, asiwe mwepesi wa kusema wala kukasirika, na Barasa ndiye msomaji wa Neno pale kanisani. Mstari huo aliurukaje? Mithali 18:13 nayo inasema kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Hayo si maneno yangu, asije akasema Doha imenipa kiburi.

Najua atajitetea kwamba hata Yesu alikasirika hekaluni. Kweli. Lakini asome Marko 11. Jioni ile Yesu aliingia hekaluni, akatazama kila kitu, akaenda zake Bethania kwa kuwa saa zimekwenda. Meza alizipindua kesho yake. Barasa hakungoja hata kupambazuke, alitoka na panga usiku uleule.

Marehemu Baba hakuchoka kutusimulia habari za Askofu Kivengere, aliyekimbia nchi 1977 baada ya Askofu Mkuu Luwum kuuawa, halafu akatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Idi Amin, Mama! Sisi tunashindwana na ndugu wa damu kwa mistari miwili ya mihogo.

Kwa hiyo waite wote wawili, mwenyekiti awepo. Baba Mdogo aanze, na asikatizwe hata akizunguka mpaka enzi za babu, unavyomjua. Barasa arudie alichosikia kabla ya kujibu. Wakishindwana, mahakama ya LC1 ipo, na pale wakili hahitajiki.

Ijumaa tunasali Mesaimeer, makanisa yote yako sehemu moja, Wahindi wanaimba upande huu, Wafilipino ule. Tukifika kwenye nyimbo zetu naitafuta sauti yako ya pili, siipati. Na usiku huwa naota mukene, wale dagaa wa Majanji, nacheka peke yangu.

Karo ya Taaka nimeituma kwa simu ya Nekesa, si ya Barasa. Iliyozidi ni ya mukene. Mwana wa Ojambo anarudi huku mwezi ujao, mpe anibebee, ila uukaushe vizuri, harufu isimletee shida uwanja wa ndege.

Mwanao,
Wandera