Watafiti watuambie na pale akili mnemba inapokosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na watafiti wa vyuo vikuu, hasa wale wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ambao wamekuwa wakiifundisha kompyuta kutambua wadudu na magonjwa ya mazao kwa picha za majani. Nyanya imo, kwa sababu ya kantangaze. Mdudu huyu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliripotiwa nchini mwaka 2014, na sisi wa Ngarenanyuki tunajua alichotufanyia. Nawapongeza kwa dhati.

Ila mnapowasilisha kazi hizo, tuambieni na pale programu inapokosea.

Kiwavi wa kantangaze hula ndani ya jani, akaacha baka pana lililopauka lenye kinyesi cheusi. Kuna na nzi mdogo ambaye funza wake naye huchimba jani, lakini huacha mstari mwembamba unaopindapinda. Ukipiga picha asubuhi kwa simu nzuri, tofauti unaiona. Sasa chukua simu ya bei nafuu, kioo cha kamera kimekwaruzika, jani limejaa vumbi, jua la saa saba. Programu itajibu nini? Ikikosea, mkulima anakwenda duka la pembejeo kununua sumu isiyohusika, tena kwa fedha ya mkopo, huku kantangaze anaendelea kula. Ndiyo maana nauliza: katika kila majani 100 yaliyopigwa picha mashambani kwetu, imekosea mangapi? Na isipokuwa na uhakika, iseme wazi, mtu aende kwa bwana shamba. Hapo nitaiamini.

Halafu kuna akina mama wanaopalilia na kuchuma, ambao wengi wana kitochi tu. Huduma ya kupiga simu, inayouliza dalili kwa Kiswahili cha kawaida, itawafaa kuliko programu inayokula bando.

Naomba Nane Nane ijayo, viwanja vya Themi kule Njiro, watafiti watenge meza. Mkulima alete jani lake ndani ya kopo lenye mfuniko (tusije tukasambaza wadudu), programu ijibu mbele yake, na afisa kilimo ahakiki papo hapo. Majibu yote yabandikwe ubaoni, yaliyo sahihi na yaliyokosewa.

Mkulima wa nyanya,
Ngarenanyuki, Arusha