Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Ulyankulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule na walimu wote, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazee wa pande zote mbili, wahitimu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Tukiitaja yote pilau litapoa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa na afya njema. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Neno "mwenyewe" tumeliweka kwa makusudi, kwa sababu katika mahafali mawili yaliyopita mgeni rasmi aliwakilishwa, na mara moja mwakilishi naye akawakilishwa na dereva aliyetuletea bahasha. Bahasha tuliipokea kwa moyo mkunjufu. Ila bahasha haina masikio ya kusikiliza risala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunajua muda wako ni mfupi, hivyo historia tutaipitia mbiombio. Mwaka 1972 wazazi wa baadhi yetu waliyakimbia mauaji ya Burundi wakaingia nchini wakiwa na watoto mgongoni na mikeka kichwani. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapokea, ikawapa pori hili la Unyamwezi walifyeke walime. Baada ya Ulyankulu yakaja makazi ya Katumba, na mwishoni mwa miaka ya sabini wengine wakatolewa huku na kupelekwa Mishamo kwa kuwa maji na ardhi vilikuwa havitoshi tena. Miaka hiyo mtu hakutoka nje ya makazi bila kibali. Mwaka 2007 Serikali ikawapa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia, na kama wanne katika kila watano wakaomba uraia, fomu zikajazwa mwaka 2008. Mwaka 2010 wakakubaliwa watu wapatao 162,000 kwa makazi yote matatu. Vyeti, hata hivyo, vikakaa kabatini, kwa sababu mpango ulikuwa kwamba kwanza watawanywe mikoa mingine. Mpango huo ukaachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutoka. Tunaomba miaka hiyo, 2008 ya kujaza fomu na 2014 ya kupokea vyeti, uikumbuke. Tutairudia.

Kwa upande wa wenyeji, tusidanganyane, hakukuwa na ngoma ya mapokezi. Mwenyekiti wa kamati hii ni Mnyamwezi wa hapa hapa, na anasema baba yake alikasirika miaka mingi, kwa sababu wageni walichimbiwa visima na kujengewa zahanati wakati yeye mwenye nchi alikuwa anateka maji bwawani pamoja na ng'ombe. Baadaye akaanza kutibiwa katika zahanati hiyo hiyo. Baadaye tena akawakodishia shamba, wakamfundisha kupanda maharage kwa mistari, naye akawaonyesha mti wa kutibu tumbo la mtoto. Binti yake wa mwisho ameolewa huko. Sasa mzee akitukanwa kwa utani na wakwe zake, anawajibu kwa Kirundi kibovu, na wao wanamcheka kwa Kinyamwezi kibovu zaidi. Katibu ninayesoma risala hii ni wa upande wa pili. Tuliandika pamoja, tukagombana aya moja tu, na aya hiyo tumeifuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Shule yetu imepata mafanikio makubwa. Ufaulu wa daraja la kwanza umepanda kwa asilimia mia moja kwa mwaka mmoja tu, kutoka mwanafunzi mmoja hadi wawili. Tumekamilisha choo cha kisasa chenye matundu mawili. Milango ipo kwa fundi. Kwaya ya shule imeshika nafasi ya tatu katika mashindano yaliyokuwa na kwaya tatu, baada ya gari la kwaya ya nne kuharibikia njiani. Mradi wa nyuki una mizinga mitano, na mmoja una nyuki. Aidha, saa ya ukutani imenunuliwa na kutundikwa katika ofisi ya walimu, na inakwenda.

Hayo ndiyo mafanikio. Changamoto zetu ni nyingi, zikiwemo nyumba za walimu, maabara na barabara ambayo umeiona wewe mwenyewe ukija, kwa hiyo hatutaieleza. Risala za miaka iliyopita zilikuwa na maombi kumi na mawili, na kila mgeni aliyachukua yote kumi na mawili akaondoka nayo. Mwaka huu kamati imeazimia kuomba kitu kimoja tu. Tumeona labda mizigo mingi ndiyo iliyokuwa inadondoka njiani.

Mheshimiwa, tunaomba vyeti vya kuzaliwa.

Tazama wahitimu walioketi mbele yako. Wengi wao walizaliwa mwaka 2008 na 2009. Wakati huo wazazi wao walikuwa wameshajaza fomu za uraia na kuorodhesha watoto waliokuwa nao. Mtoto aliyezaliwa wiki iliyofuata hakuwemo kwenye fomu. Ulipofika mwaka 2014, mzazi akaitwa akapewa cheti chake, mtoto akiwa amemshika shati na mwenye umri wa kuanza shule, na hakuna aliyeuliza huyu naye karatasi yake iko wapi. Watoto hao ndio hawa. Wamekulia pengo la kalenda. Wameimba wimbo wa taifa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na juzi mmoja wao alituuliza kama kuna tatizo akijaza neno "Mtanzania" kwenye fomu kwa kalamu ya wino, au aandike kwanza kwa penseli.

Swali hilo lilitunyamazisha wote katika kikao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Huenda utasema, na waliokutangulia walisema, kwamba wazazi wafunge safari wakafuatilie. Wamefuatilia. Tunaomba ukubali tukueleze safari ya mzazi mmoja, ambaye yupo hapa na ametuomba tusimtaje. Cheti chake cha uraia alikuwa amekihifadhi vizuri kuliko pesa: ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kanga, ndani ya sanduku la bati. Mchwa walipanda kwenye mguu wa kitanda, wakaingia kwenye pembe ya sanduku iliyooza kutu. Picha imebaki, namba imebaki, katika jina herufi nne za mwisho hazipo. Akapanda bodaboda, akapanda basi, akalala kwa ndugu, akafika ofisini asubuhi na mapema. Akaambiwa mtandao uko chini. Safari ya pili mtandao ulikuwa juu, ila mhusika alikuwa semina. Safari ya tatu walikutana wote watatu, yeye, mhusika na mtandao, ndipo ikaonekana jina la baba kwenye cheti cha uraia lina herufi "r", na jina hilo hilo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto lina "l". Muuguzi aliyeandika kadi ile alikuwa Mnyamwezi, aliandika alivyosikia. Mzazi akaambiwa akaape kiapo cha majina. Kiapo kina gharama yake, na pesa ya tumbaku ilikuwa imeshaisha kwenye nauli.

Mtoto wake ni mmoja wa wale wawili wa asilimia mia moja.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa utumishi, unajua kuliko sisi. Bila cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mwanafunzi hafikiriwi mkopo wa elimu ya juu. Akitimiza miaka kumi na minane bila cheti, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inakuwa hadithi, na bila namba hiyo hata laini ya simu anasajiliwa kwa jina la mjomba. Tuna kijana hapa mjini anayefanya biashara ya kutuma na kupokea pesa kwa laini ya mtu mwingine. Mwenye laini akikasirika, biashara inafungwa siku hiyo hiyo.

Tunasisitiza kwamba ombi hili si la upande mmoja. Watoto wengi wa wenyeji nao walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na hawana cheti. Tofauti ni moja. Mtoto wa mwenyeji akikosa cheti anaambiwa akatafute. Huyu mwingine akikosa anaulizwa ametoka wapi. Ndiyo maana wazee wa Kinyamwezi wa kata hii wameamua wao wenyewe, bila kuombwa, kwamba watakaa hapa shuleni siku zote za usajili kutoa ushahidi wa nani alizaliwa wapi na mvua ya mwaka gani. Mzee mmoja amesema anawakumbuka kwa misiba na mavuno, na tumemjaribu: alikosea mmoja tu, pacha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tusingependa kukuchosha kwa mambo ya waliopita, ila heshima yako inatutaka tusikufiche. Ombi hili limesomwa katika uwanja huu mara tatu. Mgeni wa kwanza alisimama akasema maafisa usajili watakuwa hapa ndani ya wiki mbili. Tulifyeka uwanja. Tuliufyeka mara ya pili, kwa sababu nyasi zilirudi kabla ya maafisa. Mgeni wa pili alisema, "Hili nimelichukua," na tunaamini bado analo. Wa tatu aliandika kwenye kijitabu chekundu mbele yetu sote, akapigiwa makofi, na tukampa mbuzi. Mbuzi alifika salama kwake, tumehakikishiwa. Hatuna kinyongo. Viongozi wana majukumu mengi, na mbuzi alikuwa wa kweli, si wa ahadi. Mwaka huu tumeandaa asali chupa mbili kutoka ule mzinga wenye nyuki, nazo utapewa leo hata usipoahidi chochote. Kwa kweli, Mheshimiwa, kamati inaomba leo usiahidi. Tunaomba utaje tarehe.

Ili kukurahisishia, maandalizi yote tumeyafanya. Darasa la kidato cha pili A limeachwa wazi. Lina madirisha yenye vioo na mlango unaofungwa. Meza tatu zimewekwa. Jenereta la kanisa limeazimwa iwapo umeme utakatika, na msikiti umetoa mafuta yake. Mtendaji wa Kata ameshaandaa barua za utambulisho, zinasubiri muhuri tu. Kila mzazi ameambiwa akusanye alichonacho: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, na cheti cha uraia hata kama kimeliwa. Mama lishe wamejitolea kuwapikia maafisa kwa siku tano. Mahali pa kulala papo, kwa mwenyekiti, na ametandika chandarua kipya.

Tunachokosa ni maafisa wenyewe, mashine zao, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua pale pale habari za "r" na "l" bila kumrudisha mzazi barabarani. Siku tano zinatosha. Ikiwa tano ni nyingi, tupeni tatu, wazee wataamka mapema.

Kama kwa sababu yoyote haitawezekana, tunaomba utuambie leo haitawezekana. Hatutakasirika. Tutajua kwamba nauli ya tumbaku ya msimu ujao tuipange upya, na darasa la kidato cha pili A tulirudishie watoto, ambao kwa sasa wanasomea chini ya mwembe.

Tunakutakia safari njema ya kurudi, na tunaomba chupa za asali zisilazwe ubavu, vifuniko vyake si vya kuaminika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha. Kalenda ipo mezani kwako, upande wa kulia, chini ya maua. Kalamu ni ya wino.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Wazazi