Mbona shuka la "pamba" linanata mwilini usiku?

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar likishapamba moto, lalamiko kubwa dukani huwa moja: shuka limenunuliwa kama la pamba, lakini usiku linanata mgongoni. Mara nyingi shuka lenyewe si la pamba, au ni la pamba nusu. Maandishi makubwa mbele ya pakiti ni ya kuvutia mteja tu. Geuza shuka utafute lebo ndogo iliyoshonwa kwenye pindo, ndiyo inayotaja asilimia. Ikiandika polyester 65 na cotton 35, ujue umenunua poliesta iliyochanganywa na pamba kidogo.

Kunata kwenyewe kunatokana na jasho kukosa pa kwenda. Pamba inayoonekana kavu kabisa huwa imeshika unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na bado ina nafasi ya kunywa jasho lako. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho linabaki kati ya ngozi na kitambaa.

Kama lebo haipo au huiamini, chomoa nyuzi mbili kwenye pindo, moja ya urefu na moja ya upana, kwa sababu kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja tu. Shika uzi kwa kibano juu ya sahani ya bati, uwashe kiberiti. Uzi wa pamba unashika moto haraka, unanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanasagika kama unga. Wa poliesta unajikunja kuukimbia moto, unayeyuka, kisha unaacha kitone kigumu cheusi. Kiache kipoe kwanza, kinaunguza vibaya. Mchanganyiko unaungua kama pamba lakini majivu yake yana chenga ngumu ndani. Kuna wanaopima kwa tone la maji. Kwa shuka jipya kipimo hicho kinadanganya, maana hata pamba safi ikitoka kiwandani na wanga huweza kuacha tone likae juu.

Moto nao una mpaka wake: kitani na viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na massa ya miti) huungua karibu sawa na pamba. Shuka nyingi zinazouzwa kwa jina la "mianzi" ni viskosi. Ni laini na zinanyonya jasho vizuri, ila nyuzi zake hupoteza nguvu zikilowa, kwa hiyo usizikamue kwa kuzisokota.

Halafu kuna ufumaji, ambao wateja wengi hawauulizi. Ufumaji wa uzi mmoja juu, mmoja chini unapitisha hewa na unakuwa mkavu mwilini. Kwa Dar, Tanga au Mombasa sisi tungechukua huo. Satini, ambayo uzi wake unaruka nyuzi tatu au nne, inang'aa na kuteleza, lakini ni nzito zaidi na hukwama kwenye kucha. Idadi ya nyuzi kwa inchi ya mraba ikiwa 200 hadi 300 inatosha. Ukiona 1,000, kuna uwezekano mkubwa wamehesabu nyuzinyuzi: nyuzi 250, kila moja imesokotwa kwa nne.

Poliesta hatuikatai. Inakauka upesi, haijikunji na haichuji rangi ovyo, kwa hiyo inafaa kwa mtoto anayekojoa kitandani, au kwa baridi ya Njombe mwezi wa Juni. Mchanganyiko ndio unaochosha: ukisuguliwa unatoa vijidonge. Kwenye pamba tupu vijidonge hukatika na kuondoka, lakini hapa nyuzi imara za poliesta zinavishikilia.

Vipimo navyo vinaharibu usingizi. Godoro la futi 6 lina upana wa sentimita 183. Likiwa na unene wa inchi 8, ongeza sentimita 20 kila upande, kisha 20 nyingine kila upande za kuchomeka chini: jumla 263. Shuka la 240 linakubakizia sentimita 8 tu za kuchomeka kila upande, ndiyo maana asubuhi unalikuta limejikusanya katikati. Tena pamba isiyotibiwa inaweza kurudi kwa asilimia 5 baada ya kufuliwa, yaani sentimita 14 hivi, kwa hiyo tafuta angalau 277. Kwa shuka la lastiki, pima unene wa godoro pamoja na chochote unachotandika juu yake.

Kabla ya kulilalia, lifue peke yake kwa maji baridi, na ulisuuze mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki havizuii rangi kuchuja. Kinachotoka ni rangi ya ziada iliyobaki kiwandani. Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa, inapaka nyuzi utando na kupunguza unyonyaji. Poliesta ipige pasi ya joto dogo.