Vibarua zaidi si dawa ya kila ujenzi unaochelewa

Mhariri,

Ujenzi wa umma ukichelewa, amri hutoka haraka: ongezeni vibarua, kazi ifanyike usiku na mchana. Amri hiyo inakula fedha nyingi, na mara nyingi haisogezi siku ya kukabidhi jengo hata kidogo. Hesabu inayoeleza sababu, hesabu ya njia ndefu, imekuwepo tangu miaka ya 1950, na inasikitisha kuona mipango kazi mingi bado inaandaliwa bila hiyo.

Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walikuwa wakitafuta namna bora ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda. Walichora kila kazi kwa mshale, wakaonyesha ipi haiwezi kuanza kabla ipi haijaisha, kisha kompyuta ya UNIVAC ikajumlisha muda wa kila njia, yaani kila mfululizo wa kazi zinazosubiriana tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye kiwanda cha DuPont cha Louisville, muda wa kuzima mitambo kwa matengenezo ulishuka kutoka saa 125 hadi 93. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani nalo lilibuni utaratibu unaofanana na huo kwa ajili ya makombora ya Polaris.

Kompyuta si lazima. Chukua jengo la madarasa mawili. Msingi ni siku 12. Matofali ya saruji ni siku 21: 7 za kufyatua na 14 za kumwagilia maji. Kazi hizi mbili zinakwenda sambamba. Kuta ni siku 14, na haziinuliwi mpaka msingi na matofali vyote viwe tayari. Kuezeka siku 9, plasta na sakafu siku 10. Ukipitia msingi unapata siku 45. Ukipitia matofali unapata 54. Njia ndefu ndiyo inayoamua: basi jengo litaisha siku ya 54, na msingi unaweza kuchelewa siku 9 bila madhara yoyote. Rundika vibarua hadi msingi uishe kwa siku 6, jengo bado ni siku 54. Fedha imekwenda bure.

Sasa nunua matofali yaliyokwisha komaa, yafike ndani ya siku 5. Umepunguza siku 16 kwenye matofali, lakini jengo linaokoa 9 tu, kwa kuwa njia ndefu imehamia kwenye msingi. Hapa ndipo vibarua wa kuchimba wanaanza kuwa na faida. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: kila badiliko likifanyika, hesabu irudiwe.

Angalia na mbao za kenchi, zilizoagizwa siku ya kwanza. Watu wa Polaris walichukua makisio matatu kwa kila kazi; kwa mbao hizi tuseme mambo yakienda vizuri siku 10, kwa kawaida 17, yakiharibika 30. Zidisha la kawaida mara 4, jumlisha na mengine mawili, gawanya kwa 6, unapata 18. Kwa ratiba ya kwanza mbao zinahitajika kuezeka kunapoanza, baada ya siku 35, kwa hiyo hata zikija siku ya 30 hakuna neno. Ukinunua matofali zinahitajika baada ya siku 26, na kisio lile baya linaweza kusimamisha kazi siku 4.

Mahesabu haya huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mchoro unaonyesha kazi mbili sambamba wakati fundi ni mmoja wa kuzifanya zote. Kila msimamizi anaongeza siku za akiba kimyakimya, mpaka haijulikani njia ndefu ni ipi. Kubwa zaidi, mchoro unabandikwa ukutani siku ya uzinduzi na haurekebishwi tena. Hata huko Polaris, waliochunguza baadaye waligundua kuwa chati zilisaidia pia kuwatuliza wakaguzi kutoka nje.

Ombi letu kwa halmashauri na kamati za ujenzi: mkataba uambatane na mchoro unaoonyesha kila kazi inasubiri ipi na inaweza kuchelewa siku ngapi. Mkandarasi aurekebishe kila wiki, na mhandisi mshauri aupitie kabla ya kusaini hati ya malipo. Na anayeomba fedha za saa za ziada aonyeshe kwanza kuwa kazi hiyo iko kwenye njia ndefu.

Wahandisi wa ujenzi,
Dodoma