Mji mmoja, kitabu kimoja: tuanze na nakala, mabango baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tulete pendekezo. Dar es Salaam ichague kitabu kimoja cha Kiswahili, wakazi wake wakisome kwa wiki sita, na kilele kiwe tarehe 7 Julai, ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani na kwetu ni Saba Saba pia. Wazo si geni. Mkutubi Nancy Pearl na wenzake walilianzisha Seattle, Marekani, mwaka 1998. Chicago ikafuata mwaka 2001, na Dublin, Ireland, mwaka 2006. Yaliyowakwamisha wengine yanajulikana, kwa hiyo hatuna sababu ya kujikwaa pale pale.

Kikwazo cha kwanza ni uchaguzi wa kitabu. New York walijaribu mwaka 2002, kamati ikagawanyika kati ya vitabu viwili, kila upande ukaona kitabu cha wenzao kitawaudhi watu fulani, na jiji halikupata kitabu kimoja. Kosa ni kutafuta kitabu kisichomgusa mtu. Kinachofaa ni kile ambacho watu wawili wenye akili zao watakisoma wasikubaliane. Seattle walichukua riwaya ya Russell Banks kuhusu ajali ya basi la shule na mji unaotafuta wa kulaumiwa. Hapo kila msomaji ana la kusema. Kamati yetu iwe ya watu saba tu, ibakishe vitabu vitatu, na asiyevimaliza vyote vitatu asipige kura. Sharti hili la mwisho linaonekana dogo, lakini litapunguza watu mezani kuliko mnavyodhani.

Kisiwe kitabu cha kiada. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ni kazi nzuri, lakini zimesomwa sana kidato cha tatu na cha nne: kijana akiviona anakumbuka mtihani, na mtu mzima anadhani ni mambo ya watoto. Kurasa zisizidi 220 hivi. Sisi tungependekeza Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Inahusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948, nasi tunaishi katika mji wa bandari ambao makuli wake waligoma mwaka mmoja kabla. Mkazi wa Kurasini hahitaji kuelezwa gati ni nini. Lakini hatutagombana na mtu akileta kingine.

Sasa nakala, kwa sababu hapa ndipo mipango ya kusoma hufia. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba bango linatangulia, msomaji anakwenda dukani, anaambiwa kitabu kimekwisha, wiki ya pili mtu anatoa fotokopi, na mchapishaji anakasirika kwa haki. Tufanye hesabu kabla ya mabango. Wilaya tano, vikundi 40 kila wilaya, watu 15 kila kikundi: wasomaji 3,000. Kila kikundi kipewe nakala 8, yaani watu wawili kwa nakala moja, jumla 1,600. Ongezeni nakala 200 za viongozi wa vikundi, 300 za maktaba, na 400 za akiba, tunafika 2,500. Tukikadiria shilingi 8,000 kwa nakala, ni milioni 20. Hizo si za kuuzwa; za madukani mchapishaji azichape juu ya idadi hiyo, mashine ikiwa bado inazunguka.

Akiba ya 400 ni ya nakala zitakazopotea, na zitapotea. Msiwatoze watu faini. Kitabu ambacho hakikurudi huenda kiko kwa shemeji, kinasomwa. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: ofisa wa kata kuzifungia nakala kabatini kwa hofu ya kuulizwa, kisha kuzirudisha Julai zikiwa mpya kabisa. Dawa yake ni kwamba nakala zisipitie ofisini. Kiongozi wa kikundi azisainie na kuondoka nazo siku hiyo hiyo. Tena ziwe toleo moja. Matoleo yakichanganyika, mmoja akisema ukurasa wa 42 mwenzake yuko kwingine kabisa. Ikishindikana, ratiba iandikwe kwa sura, si kwa kurasa.

Vikundi msivianzishe upya. Vipo: vikoba, kwaya, madrasa za watu wazima, vijiwe vya bodaboda, saluni. Kwa vikoba, mazungumzo ya kitabu yawe kabla ya kuhesabu fedha. Zikishahesabiwa kila mtu anakumbuka ana sufuria jikoni. Dakika 45 zinatosha. Kiongozi asome kurasa mbili kwa sauti, ili hata ambaye hakusoma wiki hiyo awe na la kushika, kisha aulize swali moja. Swali lisiwe la darasani. "Taja sifa tano za mhusika mkuu" linanyamazisha baraza zima. "Wewe ungegoma, ukiwa na watoto wanaosubiri ugali?" linawaamsha hata waliokuwa wanasinzia. Kurasa 35 kwa wiki zinatosha: wa kwanza anakuwa na kitabu Jumatatu hadi Jumatano, wa pili Alhamisi hadi Jumamosi, kila mmoja kurasa 12 kwa siku. Na kwa kuwa Juni shule nyingi ziko likizo, mjukuu anaweza kumsomea bibi ambaye macho yamechoka.

Redio itabeba wengine. Msomaji mzuri husoma maneno kama 100 kwa dakika, hivyo riwaya ya maneno 50,000 ni dakika 500, yaani vipindi 34 vya robo saa. Kwa wiki sita, siku sita kila wiki, vinaingia na siku mbili zinabaki za kupokea simu za wasikilizaji. Ruhusa ya kusoma redioni iandikwe wazi kwenye mkataba, maana ruhusa ya kuchapa haiibebi.

Viwanja vya maonyesho ya Saba Saba vinafaa kwa kuuza kitabu tu. Pale kwenye spika za kila banda hakuna mjadala utakaosikika. Kilele kifanyike ukumbini, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, bila hotuba inayozidi dakika tano.

Tuhesabu kurudi nyuma. Kusoma kunaanza wiki ya mwisho ya Mei. Nakala ziwe mikononi mwa viongozi katikati ya Mei, na zikifika wakati wa masika makasha yasikae sakafuni. Uchapaji, pamoja na kusubiri karatasi, utakula Februari hadi Aprili. Mkataba na mchapishaji, Desemba na Januari. Kwa hiyo kamati iwe imepiga kura kabla ya Novemba kwisha.

Wasomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam