Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Njombe: Vita vya Yakobi tuvirekodi sasa

Ndugu Afisa,

Kamwene.

Sisi ni vijana tunaotengeneza filamu kwa fedha za mfukoni: kamera ya kuazima, kinasa sauti na bodaboda. Tunarekodi namna Ukristo ulivyoingia Ubena, nchi ya Wabena huku Njombe, na yaliyofukiwa ulipoingia.

Misheni ya Yakobi ilikuwa ya Wajerumani wa Misheni ya Berlin. Septemba 1905, vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipopanda huku milimani, chifu Mbeyela wa Wabena na watu wake waliishambulia, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Mmisionari aliyekuwa ndani, Paul Gröschel, aliyaandika mambo yake kwa Kijerumani. Ya waliokuwa nje yanasimuliwa jikoni, usiku, tena kwa wajukuu tu.

Tumepigwa danadana. Ofisi moja ilituambia mambo ya dini tupeleke kanisani. Kanisani tukaambiwa mambo ya vita ni ya serikali.

Juzi mzee mmoja alitukaribisha, akatusogezea vigoda karibu na moto. Babu yake alikunywa maji ya vita, ile dawa iliyoaminika kuzuia risasi. Yeye ni mzee wa kanisa. Tulipowasha kamera akauliza, "Hiyo mchungaji ataiona?" Tukaizima. Akasimulia mpaka kuni zikaisha: nani alileta dawa, nani aliikataa, nani alikimbilia misheni akiwa na mtoto mgongoni. Hatuna hata sentensi moja iliyorekodiwa.

Hatuombi fedha. (Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya vijana, wanawake na wenye ulemavu, tunaijua, ila mkopo hurejeshwa, na sijui nani atanunua filamu ya wazee wanaokohoa.) Tunaomba barua ya utambulisho itakayokubaliwa na watendaji wa kata na vijiji, iseme wazi kwamba hii ni kazi ya historia, si mahubiri wala uchochezi. Kibali cha Bodi ya Filamu tutakifuatilia wenyewe.

Pia tuitie kikao kimoja na wachungaji wa Kilutheri na wazee wa koo. Mzee akimsikia mchungaji wake akisema kumtaja babu si kurudi kwenye upagani, kamera itawaka.

Filamu ikikamilika ionyeshwe Yakobi kwanza, wajukuu wa pande zote mbili wakiwa wamekaa ukumbi mmoja. Watabishana, na kubishana huko nako tutakurekodi.

Barua tungeipata kabla ya mvua za Novemba. Njia ya kwa yule mzee bodaboda haipiti kwenye tope, naye miaka 80 ameshaipita.

Wako,
Mtengeneza filamu wa kujitegemea, Njombe