Rangi ya fuwele si lazima itokane na uchafu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu fuwele ilieleza vizuri jinsi kromiamu inavyoipa yakuti wekundu wake. Hapo sina neno. Ila mwandishi aliposema kila fuwele yenye rangi ina elementi ngeni, yaani uchafu, ndani yake, alitia chumvi, na chumvi yenyewe ndiyo inayomkanusha.

Chukua fuwele safi ya kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani, isiyo na rangi hata kidogo. Ipashe moto ndani ya mvuke wa sodiamu, kisha ipoze haraka: inatoka ya manjano. Kloridi ya potasiamu ndani ya mvuke wa potasiamu hutoka ya zambarau. Mtu atauliza, si metali iliyoingia ndiyo imeleta rangi? Basi pasha kloridi ya potasiamu ndani ya mvuke wa sodiamu. Zambarau ni ile ile. Rangi ni ya fuwele, si ya mvuke.

Kilichotokea ni kwamba ioni (atomi yenye chaji) ya kloridi imekosekana mahali pake na elektroni moja ikanaswa katika nafasi hiyo. Kadiri nafasi inavyokuwa finyu, ndivyo elektroni inavyohitaji mwanga wenye nishati kubwa zaidi. Kloridi ya sodiamu hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 465, yaani buluu, ikatuachia manjano. Floridi ya lithiamu, ambayo ioni zake zimesongamana zaidi, hufyonza karibu na nanomita 250, kwenye urujuanimno, na jicho haling'amui kitu.

Kwenye umeme makala ilichanganya zaidi, kana kwamba rangi na umeme vina chanzo kimoja. Chumvi hizi zikipata moto mkali hupitisha umeme, lakini wachukuzi wa umeme huo ni ioni zinazorukia nafasi tupu. Ukitia kloridi ya kalsiamu kidogo, kila ioni ya kalsiamu, kwa kuwa ina chaji mbili, huacha nafasi moja ya sodiamu wazi, na mkondo hupanda. Rangi? Hakuna. Uchafu huo umeleta umeme tu.

Elektroni zilizonaswa zina mambo yake. Mwanafizikia Robert Pohl na wenzake wa Göttingen, Ujerumani, waliichomeka elektrodi (kipande cha kuingizia umeme) hasi yenye ncha kwenye bromidi ya potasiamu iliyopashwa hadi mamia ya nyuzi. Wingu la buluu likatoka kwenye ncha na kutambaa kuelekea upande chanya. Ukigeuza umeme, linarudi. Mwendo wa wachukuzi wa umeme unaonekana kwa macho matupu! Kwangu mimi, majaribio machache ya fizikia yanalifikia hilo.

Mwaka 1938 Pohl na Rudolf Hilsch waliongeza elektrodi ya tatu kwenye fuwele ya namna hiyo, wakaweza kuutawala mkondo mkubwa kwa mdogo. Makala yenu ilianza hadithi ya kukuza mkondo ndani ya kitu kigumu mwaka 1947, kwa transista, kifaa kidogo cha kukuza mkondo, ya Bell Labs, maabara ya Marekani. Kweli, kifaa cha Göttingen kilikwenda polepole mno kufaa kwa redio, lakini kilikuza mkondo ndani ya kitu kigumu miaka 9 kabla, na kilistahili japo sentensi moja.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa fizikia